Lenzi ya Masafa Mafupi: Pima Kwanza, Funga Baadaye

Katika chumba kidogo, projekta ya kawaida hula nafasi ya viti, na kila anayepita mbele yake huacha kivuli ukutani. Lenzi ya masafa mafupi huondoa kero hiyo, ndiyo maana inafaa sana madarasa na kumbi ndogo za Karagwe na Kyerwa. Sharti lake ni moja: haitaki kukadiriwa kwa macho.

Kila lenzi ina uwiano wake wa masafa, ulioandikwa katika kitabu cha maelekezo. Zidisha uwiano huo kwa upana wa picha unayoitaka. Jibu ndilo umbali wa lenzi kutoka ukutani. Lenzi ya 0.5 hutoa picha yenye upana wa mita 2 ikiwa mita 1 tu kutoka ukutani. Ya 1.5 ingehitaji mita 3. Ukirudisha ya kwanza nyuma sentimita 10, picha hupanuka sentimita 20. Ya pili, takriban 7. Ndiyo maana kwa lenzi ya masafa mafupi kosa dogo la fundi huwa kubwa.

Kishikio kifungwe kwenye kenchi au ukutani, kamwe kisifungwe kwenye ubao wa dari unaotikisika. Projekta iwe sawa na ukuta, bila kuinama wala kugeuka upande. Usikimbilie kunyoosha picha kwa menyu, maana programu hupoteza sehemu ya pikseli na maandishi hufifia. Pitisha rula ya fundi ukutani: mwanga unatua kwa mshazari, hivyo kibonyeo cha plasta hupinda mistari. Shuka la kuning'iniza halifai. Kitambaa kilichokazwa kwenye fremu kinafaa. Washa nusu saa, kisha rekebisha fokasi ukikagua kona zote nne.

Kuna jambo ambalo mafundi wa pwani hawalazimiki kulifikiria. Sehemu nyingi za nyanda za juu za Karagwe zimepita mwinuko wa mita 1,500. Hewa nyepesi huondoa joto polepole, na feni ya kasi ya kawaida huzidiwa. Projekta nyingi zina mpangilio wa mwinuko. Soma kitabu uone unaanzia mita ngapi, uuwashe. Joto likizidi, taa hufa mapema na fokasi huhama.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la barabara huingia kila mahali. Safisha chujio mara kwa mara. Lenzi ipulizwe kwanza kwa mpira wa kupulizia, ndipo ifutwe taratibu kwa kitambaa laini cha miwani, kutoka katikati kwenda nje. Upindo wa kanga, mate na petroli ni marufuku, kwani baadhi ya lenzi hizi zina vipande vya plastiki na tabaka jembamba juu yake. Vumbi la nje hufanya picha iwe hafifu tu. Doa lenye kingo kali liko ndani: usifungue, mpelekee fundi.

Mvua zikirudi, adui ni ukungu, unaokula tabaka la lenzi. Hifadhi projekta iliyopoa kwenye sanduku lenye vifuko vya silika, mbali na moshi wa jikoni.

Kazi hizi zikiwa za kila mtu, hazifanywi na mtu. Mteueni mmoja, mkabidhini kitambaa, mpira na daftari la tarehe za usafi, na kabla ya kila muhula mkague daftari hilo pamoja.