Rangi za Kompyuta za Kwanza Zilitoka Wapi?

Kijana wa Kona ya Musa anayecheza mchezo kwenye simu yake huziona rangi tele, wala hajiulizi zimetoka wapi. Lakini kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, nyingi hazikuja na kioo chao. Zilichomekwa katika tundu la antena la televisheni yenye chogo, zikajifanya kituo cha kurushia picha.

Waundaji wake walikabiliwa na uhaba mkubwa. Mathalan, Sinclair ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982, ilichora picha ya nukta 49,152. Lau kila nukta ingepewa rangi yake kati ya zile 15 za mashine hiyo, zingehitajika baiti 24,576 za kumbukumbu, na Spectrum ndogo ilikuwa na 16,384 tu kwa kazi zote!

Basi wakafanya kama wafanyavyo akina mama wa Kidigo wasukao mikeka ya ukindu, ambao hupata mapambo mengi kwa chane za rangi chache. Kioo kiligawanywa miraba 768, kila mraba nukta nane kwa nane, na kila mraba ukaruhusiwa rangi mbili tu. Picha nzima ikatosha katika baiti 6,912. Hasara yake ni kwamba mtu mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, mmoja wao hulazimika kuvaa rangi ya mwenziwe.

Huko Marekani, Steve Wozniak alikuwa ametumia hila nyingine katika Apple II ya mwaka 1977. Mashine yake ilituma nukta nyeupe na nyeusi tu, lakini kwa mwendo uliooana na mawimbi ya rangi ya televisheni za nchi ile. Nukta ikikaa safu ya shufwa, televisheni iliiona zambarau. Ikikaa safu ya witiri, kijani. Mbili zikiandamana, nyeupe.

Hila hiyo ilikwama ilipovuka bahari. Kenya, kama Uingereza, ilifuata mfumo wa PAL, na ndio uliotumiwa na jirani yetu Zanzibar, iliyotangulia kwa televisheni ya rangi katika miaka ya 1970. Katika PAL, sehemu ya mawimbi ya rangi hupinduliwa kila mstari. Ndiyo maana Apple II ya Ulaya ya mwaka 1979 ilionyesha nyeusi na nyeupe mpaka iongezwe kadi ya rangi.

Kumbe rangi zile hazikuwa mali ya kompyuta peke yake. Zilikuwa mapatano yake na televisheni. Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, televisheni nyingi za chogo zilianza kuonekana takataka. Lakini atakayehifadhi kompyuta ya kale akaitupa televisheni yake, atakuwa amehifadhi nusu ya picha.