Je, Wajua? Fangasi, Malengelenge na Dawa za Mdomo

Je, wajua kwamba nistatini, dawa ya matone wanayopewa watoto wenye utando mweupe wa fangasi mdomoni, ilitoka kwenye udongo wa shamba? Wamarekani wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliitangaza mwaka 1950 baada ya kuipata kwa kijidudu cha udongo wa Virginia. Mmoja alifanya kazi jijini New York, mwenzake Albany. Sampuli zilisafiri kwa posta. Baadaye dawa hiyohiyo ilitumika kuokoa michoro iliyoota ukungu baada ya mafuriko ya Florence ya 1966.

Je, wajua kwamba ukiimeza papo hapo umeitupa? Nistatini karibu haiingii kabisa kwenye damu. Inaua fangasi inaowagusa tu. Sukutua nayo, izungushe kila pembe ya mdomo, ndipo umeze, kisha kaa kama nusu saa bila kula wala kunywa.

Mama mwenye mtoto mchanga, maziwa yaliyoganda kwenye ulimi hutoka kwa kitambaa safi chenye unyevu. Fangasi hung'ang'ania, na ukilazimisha huacha wekundu, pengine na damu. Usikwangue. Mpe matone baada ya kunyonya, na chuchu zako nazo zitazamwe, la sivyo mtaambukizana kwa zamu.

Je, wajua kwamba GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni, ilianza kama rangi ya nguo? Mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitahadharisha kwamba huenda inachangia saratani. Ukielekezwa kuitumia, iwe iliyozimuliwa, na kwa siku ulizoambiwa tu.

Kwa mtu mzima mambo ni mengine. Utando unaweza kuletwa na meno ya bandia yasiyovuliwa wakati wa kulala, au dawa ya pumu ya kuvuta bila kusukutua baadaye. Kama hayo hayapo, pima VVU na sukari. Shirika la Afya Duniani linaweka utando usioisha katika hatua ya 3 kati ya 4 za ugonjwa wa VVU. Chakula kikianza kuuma wakati wa kumeza, huenda fangasi wameshuka kwenye umio, na kwa mwenye VVU hiyo ni hatua ya 4. Hapo matone hayatoshi, hutakiwa flukonazoli.

Flukonazoli hiyo ina jambo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita. Vumbi la mawe yanayosagwa kwenye karasha hubeba silika, na mapafu yaliyojaa silika huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi. Je, wajua kwamba rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hulifanya ini liondoe flukonazoli mwilini haraka zaidi? Daktari anaweza kulazimika kuongeza dozi. Kwa hiyo anayekuandikia dawa ya fangasi aione kadi yako ya kifua kikuu. Usimwachie akisie.

Malengelenge ya mdomoni, yale tunayosema homa imetokea, si ya fangasi bali ya virusi vya hepesi. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, huamshwa na homa, jua kali au uchovu. Asaikloviri huyapunguza makali, hasa ikianzwa mapema. Je, wajua inavyofanya kazi? Kimeng'enya cha virusi wenyewe ndicho kinachoiwasha, hivyo hufanya kazi ndani ya seli zilizoambukizwa na kuziacha nyingine karibu salama. Gertrude Elion, mmoja wa walioiwezesha, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988 bila kuwa amemaliza masomo ya shahada ya uzamivu.

Asaikloviri ina historia kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Wanawake 821 waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, wote wenye virusi vya hepesi ya sehemu za siri, walishiriki utafiti wa kuona kama vidonge vya asaikloviri kila siku vitawakinga na VVU. Majibu yalitoka 2008: havikukinga. Kupunguza vidonda si kufunga mlango.

Na rangi mbili, ile kapsuli ya antibayotiki ya duka la dawa? Haiui fangasi wala virusi. Antibayotiki huua bakteria wanaowazuia fangasi, kwa hiyo huweza kuuleta utando huohuo unaotaka kuuondoa. Acha kuinunua kwa ajili ya mdomo. Nenda kituo cha afya, fungua mdomo, uangaliwe. Ukikutwa na VVU, dawa za kufubaza hutolewa bure.