Je, Wajua? Jua Kali Huipunguzia Paneli Nguvu

Paneli za sola juu ya mapaa ya Mirdif, Dubai, hutaka mwanga, si joto. Nguvu inayoandikwa kwenye paneli hupimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25. Mchana wa Julai seli hizo zinaweza kupita 65. Kila nyuzi moja inayoongezeka hula takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu ya seli za silikoni. Zikifika 65, zaidi ya sehemu moja ya kumi imekwenda!

Hata kusipokuwa na joto, kuna ukomo. Mwaka 1961, wanafizikia William Shockley na Hans Queisser walionyesha kuwa seli ya tabaka moja haiwezi kugeuza zaidi ya takriban theluthi moja ya mwanga wa jua kuwa umeme.

La ajabu zaidi ni kwamba ukomo huo umeshapitwa, kwa kuongeza tabaka la pili. Utando wa fuwele ziitwazo perovskaiti, mwembamba kuliko unywele, hupakwa juu ya silikoni. Utando hunasa mwanga wa buluu, silikoni hunasa mwekundu. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilifikia asilimia 34.6 maabarani.

Adui wa utando huo ni joto na unyevu, na Dubai ina vyote viwili.