Mipira Mikubwa kwa Land Rover Kuukuu

Wanachama kadhaa wenye Land Rover za zamani wametaka kujua kama yafaa kuzivika mipira mikubwa ili zipite mashambani wakati wa masika. Natutazame Mbinga, huko Ruvuma, ambako wakulima wenzetu hubeba kahawa kama sisi tubebavyo karafuu. Kutoka milima ya Wamatengo njia hushuka hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, kiasi cha kilomita 66. Njia kuu sasa ina lami, lakini njia za mashambani ni udongo, na ufukweni ni mchanga.

Land Rover fupi, ya inchi 88, kwa kawaida ilitoka kiwandani na mipira ya 6.00-16, ile ndefu, ya inchi 109, na 7.50-16. Wengi hutia huu mkubwa katika gari fupi. Kimo chake huzidi kwa inchi 3 hivi, lakini gari huinuka inchi moja na nusu tu, maana nusu ya ziada iko juu ya ekseli. Si haba penye mawe na makorongo.

Sasa gharama yake. Kila mzunguko gari huenda mbali zaidi, kwa hiyo mlimani injini kongwe huchoka mapema, na shafti za nyuma, ambazo katika magari haya ni dhaifu tangu asili, huvunjika upesi. Mita ya mwendo nayo husema uongo: ikionyesha 50, mwendo wa kweli ni kama 55. La kutisha hasa ni mteremko. Breki ni zile zile za ngoma, nazo zimepewa gurudumu kubwa zaidi la kuzuia. Hata injini hushika kidogo. Gari lenye magunia na watu juu yake likishuka hivyo, dereva akitegemea mguu tu, ngoma hupata moto na breki hulegea. Na ashuke kwa gia ya chini kuliko aliyoizoea, tangu kileleni, si baada ya kuona kona.

Mchangani ukubwa si dawa. Punguza upepo mpira utandae; ukifika penye lami jaza tena, kwani mpira laini huchemka ukikimbizwa. Topeni, mpira mwembamba wenye meno marefu hukata hadi udongo mgumu. Na yote minne ilingane, ama sivyo ukitia gia ya magurudumu manne hushindana, na gia ndizo ziumiazo.

Anayetaka 7.50 na aanze kwa fundi wa breki, kisha azungushe usukani hadi mwisho, pande zote mbili, aone kama mpira unakwaruza springi.