Safisheni mifereji ya paa kabla ya mvua

Mama mmoja alimleta mtoto wake hospitalini kwa mara ya tatu na kikohozi kilekile. Dawa alikuwa amempa sawasawa. Nilipowatembelea nyumbani, nilikuta ukuta wa kitandani kwa mtoto umelowa na kuota ukungu. Juu yake mfereji wa paa, yaani gata, ulijaa majani ya mwembe. Maji yalifurika na kupenya ukutani.

Maji yakituama humo, mbu huzaliana: yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi.

Basi, kabla ya masika na kabla ya vuli:

1. Egemezeni ngazi imara. Mtu mwingine aishike.
2. Zoeni majani, msiyasukumie kwenye bomba.
3. Mimineni ndoo ya maji, muone kama yanatiririka yote.
4. Kateni matawi yanayoning'inia juu ya paa.
5. Maji ya mvua ya kwanza yasiingie tangini, na ya kunywa yachemsheni.

Baba yake alizibua mfereji, akahamisha kitanda. Ukuta ulikauka, na kikohozi kikaisha.