Miezi sita baada ya maziko

Mtu akifariki nyumbani kwake Mtongwe, Likoni, baada ya sala ya Isha, aghalabu adhuhuri ya siku ya pili huwa keshazikwa. Usiku huohuo kila jirani huwa ameshika kazi yake. Wapo wanaoosha maiti na kukata sanda. Vijana wamebeba majembe kwenda makaburini. Akina mama wameteka maji na kuinjika masufuria makubwa, na msikitini kumetangazwa saa ya jeneza kutoka. Watu wa Likoni hawahitaji kufundishwa kuzika. Ni jambo wanalolifanya kwa moyo mmoja na bila kusukumwa.

Anayekosekana ni mtu mmoja tu: mtu wa karatasi.

Pengo lake halionekani siku ya kwanza, wala siku ya tatu hitima ikisomwa. Huonekana miezi kadhaa baadaye, mjane akifuata akiba ya mumewe katika hazina ya NSSF, watoto wakienda kwa Kadhi kugawa mirathi, au ndugu wakitaka kutoa pesa zilizobaki benki na kwenye M-Pesa ya marehemu. Kila dirisha huuliza jambo lilelile: cheti cha kifo kiko wapi?

Wengi hujibu kwa kutoa karatasi waliyopewa kabla ya maziko, wakiamini ndiyo yenyewe. Siyo, na hapo ndipo safari ndefu huanza.

Taratibu zenyewe si ngumu zikifuatwa mapema. Mgonjwa akifia hospitalini, iwe Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani Mombasa, Port Reitz kule Changamwe au hospitali ya kaunti ndogo ya Likoni, taarifa hujazwa hukohuko katika fomu iitwayo D1. Akifia nyumbani, fomu ni D2, na mwenye kuijaza ni naibu wa chifu wa eneo hilo, ambaye kisheria ni wakala wa usajili. Huandikwa jina, umri, jinsia, makao, tarehe, mahali na sababu ya kifo. Kutokana na taarifa hiyo familia hupewa kibali cha maziko. Kibali huruhusu mwili kuingia kaburini. Cheti ni hati nyingine, nayo haitoki mpaka mtu wa familia aiombe kwa msajili.

Kifo cha ajali, cha kuzama au cha ghafla hupitia kwanza kwa polisi, na mara nyingi maiti hufanyiwa uchunguzi na daktari. Kwa familia inayotaka kuzika siku hiyohiyo, huo ni mtihani mzito. Hata hivyo, ripoti ya uchunguzi ndiyo itakayosema baadaye mtu wao alikufa kwa sababu gani.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, ilitungwa mwaka 1928. Kwa miongo kadhaa hesabu ya vifo vya Waafrika haikutiliwa mkazo, na ni mwaka 1971 tu usajili wa lazima ulipoenea nchi nzima. Wazee wengi wa pwani, kwa hiyo, walikulia katika nyumba ambazo kifo kilishuhudiwa na imamu, mzee wa mtaa na kaburi lenyewe, wala hakuna aliyedai zaidi ya hapo. Sheria leo inadai. Inakataza kuzika bila kibali, na inataka kifo kisajiliwe ndani ya miezi sita. Muda huo ukipita, hakiandikwi mpaka kipatikane kibali cha maandishi cha Msajili Mkuu, pamoja na ushahidi wa ziada ambao familia haitauona kuwa mzito mpaka itakapoutafuta.

Miezi sita inaonekana mingi. Lakini tuhesabu kwa kalenda ya nyumba ya Kiislamu ya Kisauni au Likoni. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa haja. Akitoka eda amebakiwa na wiki saba hivi, na katika wiki hizo ana kodi ya nyumba, karo ya watoto na madeni ya marehemu. Sheria haimlazimishi kwenda yeye. Mtoto mkubwa, kaka au dada wa marehemu anaweza kwenda na kitambulisho chake mwenyewe, kitambulisho cha marehemu na kibali cha maziko. Tatizo ni kwamba aghalabu hakuna aliyeambiwa aende, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshakwenda.

Kuna na suala la majina, ambalo pwani lina uzito wake. Kitambulisho kinasema Hamisi, hatimiliki ya shamba inasema Khamis. Hospitalini ameandikwa Fatma, benki wanamjua kama Fatuma. Bibi aliyeitwa Mwanaisha maisha yake yote huenda akaandikwa Aisha na mjukuu aliyempeleka wodini usiku, kwa sababu hilo ndilo jina lililomjia kinywani muuguzi alipouliza. Herufi moja ikipotea kwenye fomu, itapotea pia kwenye cheti, na karani wa mahakama hatamjua marehemu kuwa ndiye mwenye shamba. Kurekebisha kosa hilo baadaye kunataka hati ya kiapo na safari za kwenda na kurudi. Kulizuia kunataka jambo moja: kumpa anayejaza fomu kitambulisho chenyewe anakili, badala ya kumtajia jina kwa mdomo.

Changamwe ina mkasa wake. Huko wanaishi Wataita, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na wengine wengi walioletwa na bandari, reli na viwanda. Mmoja wao akifa Mombasa, mwili husafirishwa kwenda kwao bara au Taita, na jamaa hudhani karatasi nazo zitamaliziwa huko. Kifo husajiliwa kilikotokea, si alikozikwa mtu. Aliyefia Port Reitz akazikwa Siaya ameandikwa Mombasa. Aliyeugua Chaani akaenda kufia kwao Wundanyi ameandikwa Taita Taveta. Familia isiyolijua hili hutumia nauli kubwa kuuliza jina kwenye kitabu ambacho halikuwahi kuandikwa.

Siku hizi maombi ya cheti huanzia kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen, na asiyejua kuutumia huenda saiba au kwenye kituo cha Huduma. Cha Mombasa kiko kwenye jengo la Posta kisiwani. Mtu wa Likoni huvuka kwa feri, ambayo haimtozi anayekwenda kwa miguu. Wa Kisauni hupita Daraja la Nyali, na wa Changamwe huingia kwa Makupa. Ada iliyokuwa shilingi 50 kwa miaka mingi imepanda hadi 200. Fedha hizo si nyingi. Kinachommaliza maskini ni kurudi mara ya tatu, siku nyingine ya kibarua imekwenda, kwa sababu karatasi moja imebaki nyumbani.

Uzito wa cheti hiki unaonekana vizuri zaidi kwenye ardhi. Mnamo Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta aligawa Likoni hatimiliki za shamba la Waitiki, ardhi ya ekari zaidi ya 900 iliyogombaniwa kwa miaka mingi. Zilikuwa hati za kwanza ambazo familia nyingi ziliwahi kuzishika. Kila mwenye hati akiondoka duniani, jina lake hubaki kwenye daftari la ardhi mpaka warithi wathibitishe kifo chake. Waislamu hupeleka mirathi kwa Kadhi, ambaye mamlaka yake yametajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba, na wengine huenda mahakama nyingine. Njia zote mbili zinaanzia kwenye cheti. Familia isiyo nacho inaishi juu ya shamba la marehemu bila uwezo wa kuligawa, kulikopea wala kulilinda barabara dhidi ya mlaghai.

Nchi nayo hupoteza. Ukaguzi wa daftari la wapigakura uliofanywa na kampuni ya KPMG mwaka 2017 uliwapata wafu zaidi ya 92,000 kwa kulinganisha majina na kumbukumbu za vifo. Wakaguzi hao hao walikadiria kuwa wafu waliobaki daftarini huenda wakapita milioni moja. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili inatokana kwa sehemu na vifo ambavyo hakuna aliyekwenda kuviandikisha. Na pale kifo kisipoandikwa, sababu yake haiandikwi pia. Kaunti haiwezi kujua ni wangapi wanaouawa na shinikizo la damu Bamburi au na uzazi Miritini.

Yapo maombolezo ambayo karatasi yake ni ngumu kuliko zote. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama asubuhi, watu wakielekea kazini, na 272 wakapoteza maisha. Bahari hiyo bado inachukua wavuvi ambao miili yao hairudi. Bila mwili hakuna kibali cha maziko. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inaruhusu mahakama kumhesabu mtu kuwa amekufa iwapo miaka saba imepita na waliostahili kusikia habari zake hawajazisikia. Kwa mke wa mvuvi, hiyo ni miaka saba ya kuwa si mke si mjane. Na mwili ukiwepo bila jina, familia hukwama vilevile. Huko Shakahola, katika kaunti jirani ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, na familia zilisubiri karibu mwaka mzima majibu ya DNA kabla ya kukabidhiwa ya kwanza Machi 2024.

Lakini vifo vingi vya Likoni, Kisauni na Changamwe si vya namna hiyo. Ni vya kitandani, mwili upo, jina linajulikana, na naibu wa chifu anaishi mitaa miwili kutoka hapo. Hivyo havipaswi kugeuka kuwa kesi ya miaka. Naibu huyo anaweza kumkumbusha kila anayempa kibali kwamba cheti bado. Imamu na mchungaji wanaweza kulitamka wanapotangaza mazishi, maana hapo ndipo ukoo wote unapowasikiliza.

Na familia, wanapogawana kazi za matanga, wamchague na mmoja wa kushika karatasi. Achukue kitambulisho cha marehemu kabla hakijapotea kwenye mkoba, asimamie jina linavyoandikwa kwenye fomu, atoe nakala mbili za kibali cha maziko kabla ya kwenda makaburini, na aombe cheti kabla ya arubaini.