Kabla hujalipia ghala la picha mtandaoni, ulizia mlango wa kutokea

KIGALI: Simu iliibwa Nyabugogo, saa kumi na moja alfajiri, abiria wakisukumana kupanda basi la Rubavu. Mwenye simu ni mama anayeuza vitenge Kimironko, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akizunguka Goma, Kigali na Kampala. Hakuililia simu. Simu, aliniambia, ni ya faranga 120,000 na Mungu akijalia atanunua nyingine. Alililia picha. Mle ndani mlikuwa na picha za marehemu mama yake, zilizopigwa miezi michache kabla hajafariki, na picha za harusi ya mwanawe wa kwanza.

"Mama, si ulikuwa umeziweka mtandaoni?" nilimuuliza.

"Niliziweka, mwanangu. Ziko huko huko. Ila mlango umefungwa na mimi niko nje."

Akaunti yake aliifungua Kampala mwaka 2017 kwa laini ya Uganda, kwa sababu wakati huo alikuwa akishinda huko wiki mbili kila mwezi. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, safari za Kampala zilikoma. Ulipofunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, ile laini ilikuwa imekufa zamani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine. Yeye hakuona tofauti yoyote, maana kwenye simu yake picha ziliendelea kupanda zenyewe kila jioni. Siku aliponunua simu mpya akataka kuingia, mfumo ukatuma namba ya uthibitisho kwenye laini asiyo nayo. Huenda leo iko mfukoni mwa kijana wa Mbarara ambaye hajui habari hizi.

Nimekaa naye siku mbili kwenye duka la simu tukijaza fomu ya kuomba kurejeshewa akaunti. Jibu lilirudi lile lile: imeshindikana kuthibitisha kwamba akaunti hii ni yako.

Nimeanza na habari yake kwa sababu wasomaji wengi wanaofanya biashara ya mipakani wananiuliza swali moja tu: ghala gani la picha mtandaoni ni la bei nafuu? Ni swali zuri, na nitalijibu. Lakini hakuna mfanyabiashara anayekodi ghala Gikondo kwa kuuliza kodi peke yake. Anauliza funguo zinakaa kwa nani, na siku akitaka kutoa mzigo wake atautoaje.

Tuanze na kodi. Google inatoa gigabaiti 15 bure, Apple 5, Dropbox 2, MEGA 20. Gigabaiti 15 ni nyingi kiasi gani? Picha moja ya simu ya kawaida hula megabaiti 3 hivi, kwa hiyo zinaingia picha 5,000. Ukipiga picha 20 za bidhaa kwa siku ili kuwatumia wateja wa Bukavu na Bujumbura, umejaza kwa siku 250, hata mwaka haujaisha. Video ndiyo mlafi zaidi: dakika moja ya video safi inaweza kufika megabaiti 100, na harusi ya saa mbili na nusu inamaliza ghala zima.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui hadi liwakute. Zile 15 za Google si za picha peke yake. Barua pepe zako za Gmail na nyaraka zako zimo humo humo. Zikijaa, barua pepe zinaacha kuingia. Mtu anangoja ankara ya mzigo wake kutoka Dubai au Guangzhou, anamlaumu muuzaji kwa uzembe, kumbe picha za viatu alivyouza mwaka juzi ndizo zilizoziba njia.

Ukitaka kulipia, gigabaiti 100 za Google ni karibu dola 2 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, na Apple wanatoa 50 kwa karibu dola 1. Dola 2 ni karibu faranga 3,000. Bei utakayoiona wewe inaweza kutofautiana kidogo kulingana na nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yako. Si fedha nyingi. Tatizo ni namna ya kulipa: malipo hukatwa kila mwezi kwenye kadi, na wengi wetu fedha zetu ziko kwenye simu. Kabla hujaanza, hakikisha njia ya malipo uliyo nayo inakubaliwa, na kwamba haitakwama mwezi ambao uko Goma na salio liko Kigali. Malipo yakikatika, ghala linarudi kwenye kiwango cha bure, na mzigo wako umeshazidi kiwango hicho. Google imesema wazi kwamba akaunti ikikaa miaka miwili juu ya kiwango chake, vilivyomo vinaweza kufutwa.

Na hiki kiitwacho bure kina historia. Flickr, iliyoanzishwa Canada mwaka 2004, mwaka 2013 ilimpa kila mtu terabaiti nzima bila malipo. Watu wakamimina picha za maisha yao. Mwaka 2018 ikanunuliwa na SmugMug, na mwanzoni mwa 2019 mwenye akaunti ya bure akawekewa kikomo cha picha 1,000. Aliyezidi aliambiwa alipe au ahamishe, la sivyo zitafutwa. Mwaka 2022 wakaongeza sharti jingine: katika akaunti ya bure, picha za faragha zisizidi 50. Photobucket ilikuwa kali zaidi. Katikati ya mwaka 2017, waliokuwa wakionyesha picha zao kwenye tovuti nyingine kupitia kwake, wakiwemo wauzaji wengi wadogo, waliamka wakakuta picha zimefunikwa na tangazo la kudaiwa dola 399.99 kwa mwaka. Mwaka uliofuata kampuni ilishusha bei, lakini wengi walikuwa wameshahama. Hata Google yenyewe, ambayo mwaka 2015 iliahidi nafasi isiyo na mwisho kwa picha zilizobanwa, ilifunga mlango huo tarehe 1 Juni 2021.

Sisemi kwamba kampuni hizi ni wezi. Umeme na mashine za kuhifadhi vinalipiwa, na anayetoa bure leo anahesabu lini ataanza kutoza. Kwa hiyo usichague ghala kwa masharti ya leo tu. Chagua lile ambalo masharti yakibadilika unaweza kubeba vyako ukaondoka.

Kulijaribu ni kazi ya nusu saa. Pandisha picha kumi, kisha zishushe zote kwa pamoja kwenye kompyuta, ya nyumbani au ya kukodi mjini. Google ina huduma iitwayo Takeout kwa kazi hiyo. Flickr nayo inakuwezesha kuomba vyako vyote. Ukikuta ghala linalokulazimisha kutoa picha moja moja, achana nalo. Halafu linganisha uzito: kama picha iliingia na megabaiti 3 ikatoka na kilobaiti 400, limekukata njiani. Magunia kumi yaliyoingia yatoke magunia kumi. Mara nyingi kosa ni la mpangilio: umechagua kubana picha ili kuokoa nafasi, wala hukumbuki ulibonyeza lini.

WhatsApp si ghala, ingawa ndiyo duka letu sote. Picha ikipita humo kwa kawaida hubanwa sana. Ukitaka kumtumia ndugu yako picha ya kutunza, itume kama faili, si kama picha.

Mji huu unajua thamani ya picha kuliko miji mingi. Katika Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, Gisozi, yaliyofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba ambacho ndani yake zimetundikwa picha zilizoletwa na familia: picha za vitambulisho, za harusi, za watoto waliovalishwa vizuri siku ya sikukuu. Kwa baadhi ya walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, picha moja ndiyo yote waliyobaki nayo ya mzazi au ndugu, kwa sababu nyumba ziliporwa na kuchomwa na vyote vilivyokuwamo. Wengine hawana hata hiyo moja. Tangu mwaka 2010 kumbukumbu hizo zimekuwa zikiwekwa pia mtandaoni kupitia hifadhi ya nyaraka ya makumbusho hayo, picha pamoja na ushuhuda.

Nikimsikia kijana akisema picha ni kitu cha kuchezea tu, nakumbuka chumba kile.

Turudi kwenye funguo, maana hapo ndipo mtu wa mpakani anapoumia kuliko mwingine yeyote. Sisi tuna laini tatu au nne: ya Rwanda, ya Uganda, ya Kongo, ya Tanzania ukifika Rusumo. Akaunti ya picha ifungwe kwenye laini ya nyumbani, ile ambayo haitakufa hata usiposafiri mwaka mzima. Ongeza anwani ya pili ya barua pepe ya kukutambulisha, iwe yako au ya mtoto unayemwamini. Kisha omba namba za akiba. Google hutoa kumi, kila moja ya tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ile ile itakayoibwa.

Kama una akaunti ya zamani yenye picha za watoto wakiwa wadogo, ingia leo. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili.

Kuhusu mzigo wenyewe, ushauri wangu ni kutenganisha. Picha za bidhaa zikae mbali na za familia, na msimu ukiisha zifutwe. Picha za vitambulisho vya wateja usiziweke kwenye albamu ya aina yoyote. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Upandishaji uwe kwa Wi-Fi tu, la sivyo kifurushi chako kitaisha kabla hujafika Kabale.

Ukiniuliza mimi binafsi, gigabaiti 15 za bure zinamtosha mfanyabiashara mwingi akiziachia familia peke yake, na zikijaa, dola 2 kwa mwezi ni halali yake. Flickr ya bure siishauri kwa picha za nyumbani kwa sababu ya ule ukomo wa 50 za faragha. SmugMug haina kifurushi cha bure na inawafaa wapiga picha wanaouza kazi zao. Na chochote utakachochagua, nakala nyingine ikae kwenye flashi ya gigabaiti 64, ambayo bei yake haizidi ya kitenge kizuri, na flashi hiyo ilale kwa mtu asiyesafiri nawe.

Mama wa Kimironko amepata baadhi. Mpiga picha wa ile harusi, huko Rubavu, alikuwa bado na mafaili kwenye diski yake. Akamuuzia upya kwa bei ya kirafiki. Ya marehemu mama yake imepatikana moja, kwenye WhatsApp ya dada yake aliyeko Bukavu. Ina kilobaiti 90. Studio moja ya Nyamirambo ilimshauri asiisafishe zaidi ya ukubwa wa kiganja, maana ikikuzwa uso unapotea, na ndivyo alivyofanya.

Sasa ana akaunti mpya kwa laini ya Rwanda. Namba zake kumi za akiba zimo kwenye daftari la madeni, kati ya ukurasa wa Goma na ukurasa wa Kampala, na mwanawe hunakili picha kwenye flashi kila Jumapili. Ile fomu ya akaunti ya zamani bado anaijaza kila Ijumaa jioni, akishafunga duka.